Harusi Mbele ya Kamera

Gari la Faiza, Probox, lilikuwa limeshakipita kizuizi cha mwisho cha polisi nje ya Garissa kabla Keinan hajafunga mlango wake sawasawa. Faiza aliendesha kama mtu anayekimbizana na mvua, mtandio umemtoka nusu, macho mekundu.

"Lori lina saa moja na nusu mbele yetu. Tutalipata, adeer?" alisema, akimwita Keinan ami kwa heshima.

"Lori la mizigo halikimbii, linatembea. Na dereva wa Elwak hapiti Modogashe bila chai. Akipita bila chai, huyo ndiye wa kukamatwa. Punguza mwendo."

Hakupunguza.

Keinan Warfa alikuwa ametumikia upelelezi miaka thelathini na moja, Garissa, Wajir, Mandera, kisha Garissa tena. Huu ulikuwa mwaka wa nne tangu astaafu, na watu bado walimgongea mlango kwa mambo ambayo hawakutaka yafike kituoni. Alfajiri ile aliyegonga alikuwa Faiza, msichana wa Eastleigh aliyekuja Garissa kutengeneza filamu akiwa na kamera moja tu, na hana mwigizaji hata mmoja. Alikuwa amekumbatia kopo la biskuti.

"Anza upya," Keinan alisema. "Usiniambie unachodhani. Niambie ulichoona."

"Kadi za kamera naziweka kwenye hili kopo. Kila siku ya kupiga picha na kadi yake, nimeziandika namba. Ziko kumi na nne. Jana baada ya magharibi nilizihesabu, zote ziko. Leo kabla ya swala, ya tisa haipo."

"Kamera?"

"Ipo. Hata lenzi zipo."

"Mwizi wa kuuza angebeba kamera na kukuachia kopo. Hii kadi ya tisa ina nini?"

"Siku ya harusi. Ayeeyo Shamso anajenga aqal na kuimba."

Keinan hakuhitaji kuelezwa aqal. Ni ile nyumba ya mviringo ya mikeka na miti iliyopindwa, ambayo wanawake humjengea bibi harusi, na siku hizi watoto wa Garissa huijua kwa picha. Filamu ya Faiza ilikuwa ya harusi ya ufugaji ya miaka ya sabini. Alizunguka mitaa yote akimtafuta mwanamke anayeweza kuijenga kutoka mti wa kwanza hadi mkeka wa mwisho bila kuuliza mtu. Akampata mmoja, Shamso, kikongwe wa Bulla Iftin ambaye wote walimwita Ayeeyo, yaani nyanya, aliyejenga huku akiimba nyimbo ambazo hata wanawe hawakuwahi kuzisikia. Wiki mbili baadaye Shamso alifariki usingizini. Alizikwa siku kumi na moja zilizopita.

"Hukutoa nakala?"

"Diski yangu iliungua stima ilipokatika na kurudi. Nilikuwa nangoja nifike Nairobi. Adeer, zile nyingine zote naweza kurudia kupiga. Ayeeyo nitamrudia wapi?"

Palipoishia lami gari lilianza kuruka, vumbi likaingia hata vioo vikiwa vimefungwa.

"Mwaka wa sabini na nane gari la serikali la sinema lilikuja hapa Shimbirey," Keinan alisema baadaye. "Wakatundika shuka jeupe ubavuni mwa duka. Tulitembea toka machungani, mimi na ndugu zangu, kutwa nzima. Filamu yenyewe ilikuwa ya kuogesha mbuzi kwenye josho. Mbuzi wa kwanza alipotoka upande wa pili, watu wote wakapiga makofi. Mzee mmoja akataka kumnunua."

Faiza alicheka bila kutaka. Ndivyo Keinan alivyotaka, maana dereva anayelia ni hatari.

"Sasa. Mnalala wapi, nyinyi wa filamu?"

"Kwa Adeer Salah, mtoto wa Ayeeyo. Alitupa chumba bure. Mimi na kopo chumbani, na mlango hauna kufuli. Mowlid, yule anayeigiza bwana harusi, hulala barazani. Leo alfajiri Mowlid hayuko na begi lake haliko. Mlinzi wa jirani amemwona akipanda lori la Elwak. Hakuaga. Nani anaondoka bila kuaga, kama si mwizi?"

"Wengi," Keinan alisema. "Mimi mwenyewe niliondoka Mandera bila kuaga."

*

Lori lilikuwa Modogashe, limeegeshwa mbele ya hoteli ya mabati, dereva akinywa chai ya maziwa ya ngamia. Mowlid alikaa kando yake. Alikuwa kijana mrefu wa Elwak, mwana wa mfanyabiashara wa ngamia, na Faiza alimchukua kwa sababu ya sura yake na kwa sababu alijua kumfunga ngamia mzigo. Alipomwona Faiza alisimama.

"Faiza! Umekujaje? Nani mgonjwa tena?"

"Toa kadi," Faiza alisema.

"Kadi gani?"

"Mowlid, usinichezee, wallahi nitakupigia kelele hapa Modogashe nzima."

Keinan alimshika Faiza bega na kumketisha. Akaagiza chai tatu. Halafu akamwambia Mowlid, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya sukari, "Fungua begi."

Mowlid alilifungua bila kusita, akalipindua juu ya meza. Kulikuwa na kikoi, shati mbili, mswaki wa mti, chaja, na kitabu cha skripti kilichojaa madoa ya chai. Akaigeuza mifuko ya suruali pia, ikaning'inia nje kama masikio ya mbuzi. Dereva akacheka.

"Kwa nini umeondoka?"

"Adeer Salah aliniamsha kabla ya swala. Akasema ameambiwa mamangu anaumwa, na lori la rafiki yake linatoka sasa hivi. Nikasema nimuage Faiza, akasema mwache alale, amechoka, nitamwambia mimi."

"Mama anaumwa nini?"

"Hiyo ndiyo inanishangaza, adeer. Mtandao ulipopatikana pale Shimbirey nikapiga simu. Ameshika yeye mwenyewe. Yuko sokoni, anagombana na mtu kuhusu mbuzi. Mzima kuliko mimi."

Keinan alikoroga chai yake polepole. "Salah alisema nini kingine?"

"Hakuna. Tulifanya tu lile zoezi."

"Zoezi gani?"

"La onyesho jipya." Mowlid alimgeukia Faiza. "Lile uliloongeza. Si ulimpa yeye anifundishe? Tulisimama pale kwenye lori, mimi na yeye, dereva na utingo wake wakitazama. Akaniambia niseme, 'Samsam binti Abdihafid, nimekuacha.' Nikasema. Akasema sema vizuri, kwa sauti. Nikasema tena."

"Kweli," dereva alidakia. "Nilimwambia huyu kijana ana sauti nzuri ya kuacha wanawake."

Keinan aliweka kijiko mezani. "Faiza. Kwenye filamu yako, kuna mahali wanaachana?"

"Hapana! Filamu inaishia harusini. Hakuna onyesho jipya. Sijaongeza kitu."

"Basi rudi kwenye gari," Keinan alisema. Kwa Mowlid akaongeza, "Wewe nenda kamsalimie mama. Na usiigize kitu kingine mpaka nikupigie."

*

Walikwenda maili ishirini za kurudi. Faiza alipochoka kungoja, alipasuka.

"Niambie basi! Salah ana shida gani na talaka ya filamu?"

"Kwanza nijibu. Huyo Samsam, bibi harusi wako, ni nani kwa Salah?"

"Mtoto wa kaka yake. Babake, Abdihafid, alishafariki. Salah ndiye amemlea."

"Na jina lake kwenye skripti?"

Faiza alisita. "Lilikuwa lingine. Lakini adeer, hawa si waigizaji. Kila nikisema 'kata, rudia', wanasahau majina ya skripti na kuitana ya nyumbani. Siku ya tatu nikachoka. Nikasema kila mtu atumie jina lake."

"Walii wa kumwoza kwenye nikaha alikuwa nani?"

"Salah."

"Sheikh?"

"Maalim Abdiwahab wa madrasa. Nilitaka mtu anayeyajua maneno. Mashahidi ni majirani wawili."

Keinan akapiga mluzi mdogo. "Kwa hivyo umemchukua ami wa kweli, ukamweka mbele ya sheikh wa kweli na mashahidi wa kweli, akamwoza binti wa kweli kwa jina lake la kweli. Umebakisha nini cha kuigiza?"

Mguu wa Faiza ulitoka kwenye kanyagio la mafuta. Gari likajiendea lenyewe hadi likasimama katikati ya barabara.

"Ilikuwa mchezo," alisema.

"Kuna mambo ambayo wanazuoni wanasema mchezo wake ni kweli. Ndoa ni mojawapo, na talaka pia. Maalim lazima anajua, na nadhani kuna siku alimwambia Salah. Baada ya kifo, uliwaonyesha familia hii kadi?"

"Siku ya tatu ya matanga. Waliniomba. Wote walilia. Adeer Salah akaniomba nirudishe nyuma. Nikarudisha mara tatu."

"Akaomba urudishe wapi?"

"Pale mwisho. Kwenye nikaha."

"Shamso alikuwa wapi wakati wa nikaha?"

Faiza alifumba macho akijaribu kuiona siku ile. "Hakuwepo. Alishachoka, tulimpeleka nyumbani alipomaliza kuimba."

"Basi mtu aliyefiwa na mama," Keinan alisema, "alikuwa anamtazama nani mara tatu? Washa gari."

*

Walimkuta Maalim Abdiwahab madrasani baada ya adhuhuri, akipanga mbao za kuandikia za watoto ukutani. Hakuficha kitu. Alisema siku ya pili ya matanga jambo lile lilimkaa moyoni, akamwambia Salah kwamba yale maneno waliyoyasema mbele ya kamera yanampa wasiwasi, maana Salah alikuwa ameshampa neno Mohamedamin wa Wajir kwamba atamwoa Samsam mwezi ujao.

"Nilikuwa nimefurahi sana siku ile," Maalim alisema. "Ngoma, mikeka, ile harufu ya udi kwenye aqal. Ilikuwa kama harusi ya mamangu mdogo mwaka wa sitini na nane. Nilisahau kwamba kuna kamera. Hilo ndilo kosa langu."

"Njoo nasi," Keinan alimwambia.

Nyumbani kwa Salah, Bulla Iftin, mkeka ulikuwa umeshatandikwa uani. Salah alikuwa mtu mnene mwenye ndevu za hina, dalali wa mbuzi aliyejulikana soko zima kwa kutovunja ahadi. Aliwakaribisha kwa heshima zote. Samsam alileta chai, akaweka sinia chini, akabaki amesimama karibu na mlango.

"Keinan, umezeeka," Salah alisema. "Zamani ulikuwa unakuja na askari. Leo unakuja na msichana na mwalimu."

"Askari wanakunywa chai nyingi. Salah, umemtuma kijana Elwak kwa mama asiyeumwa."

"Niliambiwa anaumwa."

"Na nani?"

"Watu."

"Na ukamfundisha kuacha mke, jambo lisilo kwenye skripti, mbele ya mashahidi wawili."

Salah alikunywa chai. "Faiza aliniomba."

"Sikukuomba!" Faiza alisema.

"Kuna jambo moja tu nataka kujua," Keinan alisema. "Yale mengine nayaelewa. Umempa neno mtu wa Wajir, Mohamedamin, atamwoa Samsam mwezi ujao. Ukasikia kwamba huenda binti tayari ni mke wa mtu. Ukamwachisha kijana kwa ujanja, kisha ukataka kitu kinachoonyesha ndoa kisionekane. Ningekuwa wewe, ningekiweka kwenye jiko kikayeyuka, kwisha. Dakika moja tu. Umekichoma?"

Kuku akapita juu ya mkeka, hakuna aliyemfukuza.

"Maana kama umekichoma," Keinan alisema, "umeichoma sauti ya Shamso."

Salah aliweka kikombe chini. Akatia mkono ndani ya shati, akatoa mtandio wa zamani wa rangi ya manjano, uliofungwa fundo pembeni kama wanawake wanavyofunga vitu vidogo. Vidole vyake vinene vilishindwa kulifungua. Samsam ndiye aliyekuja kupiga magoti na kulifungua, na kadi ikaanguka kwenye mkeka, nyeusi, ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba, na namba tisa juu yake.

"Jiko lilikuwa linawaka," Salah alisema. "Nilisimama mbele yake mpaka makaa yakawa majivu. Hooyo, mama yangu, alikufa hajaniachia hata picha. Ningemtupa motoni kwa mkono wangu?"

Faiza aliichukua kadi kwa ncha za vidole, akaitia kwenye kompyuta, akasubiri. Folda zikafunguka, zote. Akajifunika uso kwa mtandio.

"Usifunge," Keinan alisema. "Tuonyeshe nikaha. Yote, bila kuruka."

Walitazama. Mikeka ya aqal ilikuwa mipya, jua linashuka nyuma yake. Salah wa kwenye kioo, ndevu zimepakwa hina upya, alimshika Mowlid mkono. Maalim akatanguliza hotuba. Salah akasema nimekuoza Samsam binti Abdihafid kwa ngamia watano. Mowlid akasema nimekubali. Mashahidi wakaitikia, wanawake wakapiga vigelegele.

"Walii yupo," Salah alisema kwa unyonge, akihesabu kwa vidole. "Kukubali kupo. Mashahidi wapo. Mahari imetajwa. Nimehesabu mara tatu, Keinan. Kila kitu kipo."

"Ulihesabu vilivyopo," Keinan alisema. "Mimi nimefanya kazi ya kuhesabu visivyopo. Maalim, mwanamke aliyefiwa na baba, ami yake anaweza kumwoza bila kumuuliza?"

"Hawezi. Kwa ami, lazima binti mwenyewe atoe idhini yake."

"Nani alikwenda kumuuliza Samsam? Simwoni mtu akiingia ndani ya aqal."

Maalim alikodoa macho kwenye kioo. Faiza akafunua uso.

"Lilikuwepo kwenye skripti," alisema polepole. "Onyesho la arobaini na moja. Shahidi anaingia, anamuuliza bibi harusi, anatoka. Jua lilikuwa linazama. Nikaliruka. Nilijua hakuna atakayegundua."

"Na kwa mdomo, pembeni, kamera ikiwa imezimwa? Samsam, kuna aliyekuuliza?"

Samsam alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Kuniuliza? Niliambiwa nikae ndani nisitoe sauti. Joto lilikuwa linaniua, na mbu. Adeer Keinan, hakuna aliyeniuliza ya filamu. Na ya Wajir pia hakuna aliyeniuliza. Sasa ndio kwanza nasikia inahitajika."

Salah aliinamisha kichwa.

Maalim Abdiwahab aliomba sehemu ile ichezwe tena toka mwanzo wa nikaha. Akaitazama bila kupepesa. Kisha akasema, kwa sauti ile ile anayosahihishia mbao za watoto, "Idhini haikuombwa wala haikutolewa. Hii si nikaha. Na kama hakuna nikaha, hakuna talaka. Huyu ni binti ambaye hajaolewa, na ushahidi ni hii kadi aliyokuwa anataka kuichoma."

"Nilikuwa nauchoma ushahidi wangu mwenyewe," Salah alisema.

"Watu wengi hufanya hivyo," Keinan alimwambia. "Wengine nimewafunga."

Salah alimgeukia binti wa kaka yake. Ilimchukua muda. Mtu aliyezoea kupaza sauti sokoni alitafuta sauti ndogo na kuipata kwa shida. "Samsam. Huyu Mohamedamin wa Wajir. Unamtaka?"

"Usiniulize mbele ya watu, adeer. Nipe siku." Akamwangalia Faiza. "Na wewe. Hiyo nikaha itoe kwenye filamu. Sitaki Garissa yote initazame naozwa kama mbuzi. Ya Ayeeyo ibakize yote, usiikate hata kidogo."

"Filamu ya harusi bila nikaha?" Faiza alisema. "Itaishaje?"

"Hilo ni lako. Mimi si dairekta."

Faiza alitazama kadi, akamtazama Samsam, akakubali. Halafu, kwa kuwa kompyuta ilikuwa imewaka na betri bado ina chaji, alirudisha picha mwanzo wa siku. Shamso akatokea, mdogo, amepinda kama miti aliyoishika, akaanza kuimba huku akifunga kamba. Aliimba dakika nne na kitu. Salah alisikiliza amejifunika uso na ule mtandio wa manjano. Adhana ya alasiri ilipoanza, Faiza alizima.

*

Faiza alitoa nakala tatu usiku huo huo, akaziacha nyumba tatu tofauti. Filamu ilimalizika baada ya miezi minane. Inaishia aqal ikiwa imekamilika na mlango wake wa mkeka umefungwa. Ilionyeshwa Garissa ukutani mwa ghala, kisha Hagadera, kisha Elwak. Hakuna mtazamaji aliyeuliza nikaha iko wapi.

Samsam alijibu siku ya nne. Maalim alitumwa kumuuliza tena, ili Salah awe na hakika, na jibu likawa lile lile. Alimkubali Mohamedamin kwa sharti kwamba amalize kwanza kozi yake ya ukunga. Mohamedamin alielezwa kisa chote na Salah mwenyewe. Alingoja miezi kumi na sita. Wanaishi Wajir.

Mowlid hakurudi Garissa. Ana ngamia wake Elwak, na ameoa. Kwenye nikaha yake aliomba asiwepo mtu mwenye kamera.

Maalim Abdiwahab bado anafundisha. Alikataa kuonekana kwenye filamu nyingine mbili.

Keinan aliitwa Mandera kuhusu lori lililopotea, akakaa huko mwaka mzima.

Salah anauza mbuzi soko lile lile. Faiza alimwekea wimbo wa mamake kwenye simu. Hataki wageni wausikie. Huusikiliza asubuhi, kabla ya soko kufunguliwa, akiwa peke yake kati ya mbuzi.